Hadithi Iliyotoka Nyumba ya Eda

"Hivi Khairat, hicho kitabu cha dini anachokiandika mumeo, mbona hakimaliziki?"

Bi Mize aliuliza hivyo zamani, akiwa upande wake wa ukuta anapepeta mchele, na Khairat alicheka tu asimjibu. Mwalimu Ridha Nyange alikuwa hai wakati huo. Yumo chumbani kajiinamia mezani, kalamu inatembea kutoka kulia kwenda kushoto, na anachokiandika si cha dini hata kidogo. Ni habari za watoto watatu wanaowafukuza wezi ndani ya mapango ya popo.

Khairat alikisimulia kisa hicho kwa Inspekta Asya Vuai akitabasamu kidogo, kama mtu anayejiliwaza. Asya alitabasamu naye kwa adabu, lakini hakukiandika. Kilichomleta mtaa wa Jadida asubuhi ile kilikuwa kazi nyengine.

Mwalimu Ridha alikuwa mtunzi wa hadithi za watoto. Vitabu saba vimetoka, na hakuna mtoto wa Wete anayejua kusoma asiyekuwa na kimojawapo, kimechanika jalada kwa kupokezanwa. Cha nane alikiandika akiwa mgonjwa. Mungu akamchukua, watu wakazika, mjane akaingia eda. Na siku Khairat alipofungua sanduku kuuangalia mswada, haukuwemo.

Aliyekwenda kushitaki ni kaka wa marehemu, Mzee Duni. Alifika kituoni na kofia yake imenyooka, akamtaja mwizi kwa jina bila kuulizwa: Gregory, yule mtu wa bara mwenye duka la kupiga chapa na kutoa kopi. Gregory alikamatwa jana. Leo baada ya adhuhuri angepelekwa mahakamani, na Asya alijua mtu akishapandishwa pale kwa wizi wa nyumba ya msiba, hata akija kuachiwa, hapana atakayeingia tena dukani kwake. Ataifunga mizigo yake na mkewe na kurudi alikotoka.

"Dada Khairat," Asya alisema, "mara ya mwisho uliuona lini kwa macho yako?"

"Alfajiri ile aliyozidiwa. Kaniomba nimpe. Kaandika maneno machache chini ya ukurasa, kasema alhamdulillahi, kanambia rudisha. Nikaurudisha sandukuni pamoja na misahafu mikongwe ya babake."

"Ndani ya nini?"

"Kitambaa cheupe. Alivifunga pamoja vyote hivyo, misahafu na hadithi, na furushi zima halipo. Karatasi kwake ilikuwa kitu."

Sauti ikapiga kutoka ukumbini, nyuma ya pazia. "Inspekta! Mwizi mnaye kituoni, unakaa kumhoji mjane? Mwache mtoto wa watu akae eda yake!"

Alikuwa Mzee Duni. Alikaa pale toka Asya alipofika, na kila linaloulizwa ndani yeye anataka kulijibu nje.

"Namaliza sasa hivi, mzee wangu," Asya alijibu, kisha akapunguza sauti. "Toka msiba, chumba hiki wameingia nani?"

"Wanawake. Ukoo, majirani. Mwanamme hakuingia ila mjomba wangu."

"Na shemeji yako?"

Khairat alimtazama kama aliyeulizwa jambo la aibu. "Shemeji si maharimu, Asya. Ananisalimia huko huko nyuma ya pazia."

"Na Gregory?"

"Gregory hata ukumbi hakuuvuka. Alikaa chini ya turubai na mkoba wake kaupakata, machozi yanamtoka, watu wanamwangalia."

Asya aliufunga mkono wake juu ya kalamu. Mzee Duni alikuwa ameeleza kituoni kwamba Gregory alijipenyeza chumbani wakati jeneza linatolewa, wanaume wote wamefuata maiti. Lakini hapo ndipo nyumba inapojaa wanawake. Mwanamme wa kigeni angejipenyeza vipi kwenye chumba kilichojaa wanawake wanaolia, asipigwe ukelele ukasikika mpaka sokoni?

Aliomba ukurasa mmoja wa zamani wa Mwalimu, wowote ule. Khairat alimpa karatasi ya kitabu cha pili iliyokuwa ndani ya mto wake. Asya alipotoka nayo, Mzee Duni aliifuata kwa macho.

"Hiyo nini?"

"Kumbukumbu tu, mzee."

"Kumbukumbu," alisema Mzee Duni.

*

Gregory aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Shati lake lilikuwa limekunjamana na ndevu zimeanza kumchipuka. Asya alimpa maji kwanza, kisha akamkabidhi ile karatasi. Aliigeuza makusudi, juu chini, kabla ya kumpa.

"Nisomee."

Gregory aliipokea kwa mikono miwili na kuikodolea macho. Akaisogeza mwangani. Akairudisha. "Afande, unanitania. Hata juu ni wapi sijui."

Asya hakuwa akisikiliza maneno. Mtu akitaka kudanganya kwa ulimi hashindwi. Aliiangalia mikono. Mtu anayezijua herufi akipewa karatasi iliyopinduliwa, mkono wake huigeuza kabla akili haijamwambia afiche. Mikono ya Gregory ilitulia kama iliyoshika jani la mgomba.

"Vitabu saba umevipiga wewe."

"Nimevipiga, ndiyo. Yeye anasoma, mimi napiga. Ameandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa utotoni, anasema mkono wake haujui njia nyingine. Watoto wakitoka shule wanajaa mlangoni kusikiliza. Nikimwomba arudie sentensi, wananizomea. 'Gregory mzito! Gregory mzito!'" Akaiweka ile karatasi mezani. "Sasa mimi niibe makaratasi ya namna hii niyafanyeje?"

"Ungetafuta mtu akusomee."

"Nani, afande, hapa Wete? Asiyejua mwandiko wa Mwalimu ni nani?"

"Ule mkoba mweusi ulikuwa na nini?"

"Kompyuta. Alikuwa ameniita tuendelee na kazi nyumbani kwake, maana hakuweza tena kutembea. Nafika, naona maturubai. Ndivyo nilivyopata habari."

Asya alimwongezea maji. Kisha akauliza, "Mmefika wapi na hicho cha nane?"

"Sura tatu. Ya tatu aliisoma dukani, mlango wazi kama kawaida, kibarazani wamekaa watu. Mzee Duni alikuwepo. Siku ya pili Mwalimu akaja uso umemshuka, akaniambia tusimame kwanza. Ataandika mpaka mwisho, ndipo anisomee. Tangu nimfahamu hajawahi kusimamisha kitabu katikati."

"Alisema sababu?"

"Hakusema. Na mimi sikuuliza. Mgeni anachagua maswali, afande."

Kompyuta ilikuwa imeshikwa kama kielelezo. Asya aliiwasha mwenyewe, akaisoma sura ya tatu mezani kwake, chai ikimpoa pembeni. Mle ndani mlikuwa na ami mmoja, mtu wa sala tano na kofia iliyonyooka, aliyeachiwa shamba la mikarafuu lililopakana na lake awatunzie watoto wa nduguye. Watoto watatu wa hadithi wamepanda mtini kuokoa kinda la ndege, na wakiwa juu kule wanamwona ami anang'oa miche ya mpaka, mmoja mmoja, na kuipanda upya ndani ya shamba la mayatima. Kila mwaka hatua chache. Hapana mtu mzima aliyegundua, kwa sababu hapana mtu mzima anayepanda mti kuokoa kinda.

Asya alizima mashine. Inaweza kuwa hadithi tu, watunzi hubuni. Lakini alichukua simu akampigia Khairat, akamuuliza swali moja: katika ukoo huu wapo mayatima?

Khairat alishusha sauti.

"Ndugu wa kati, baina ya Duni na Ridha, alikufa bado kijana," Khairat alisema. "Watoto wako Mkoani kwa mama yao, shamba lao yuko nalo shemeji. Usiniulize zaidi, Asya. Nimo edani, na hao ni ndugu wa tumbo moja."

*

Sasa ikawa ni kumjua aliyeutoa mswada, kwa mikono yake mwenyewe. Mzee Duni hakuingia chumbani, na asingeingia. Hilo Asya aliliamini. Mtu anaweza kusogeza mpaka wa shamba akiwa peke yake alfajiri, asithubutu kunyanyua pazia la mke wa nduguye mbele ya wanawake mia. Basi alihitaji mikono ya kike.

Aliyeifagia nyumba baada ya msiba alikuwa Bi Mize. Asya alimkuta uwani kwake anasuka ukili, miguu kainyoosha.

"Wewe Asya mtoto wa Vuai! Nimekubeba mgongoni unanikojolea, leo umekuja na mkanda wa polisi?"

"Nimekuja na salamu kwanza, Bi Mize."

"Salamu za polisi hazina heri. Kaa. Uliza."

"Siku mliyosafisha chumba, mlitoa nini?"

"Tulitoa tandiko alilolalia, tukalifua. Nguo zake zimetolewa sadaka. Dawa tumetupa. Na yale makaratasi ya dini."

Asya hakuinua kichwa. "Makaratasi gani?"

"Yaliyokuwa sandukuni. Misahafu imechakaa, kurasa zinadondoka, na vile vitabu vyake alivyokuwa akiviandika. Si vya kuwekwa ndani ya nyumba vikaliwa na mchwa, au mtoto akavichukua watu wakafungia njugu. Nimevipeleka msikitini, kwenye kile kisima kikavu cha nyuma. Ndipo vinapotiwa vyote vyenye herufi za Mwenyezi Mungu."

"Uliyafungua kuyatazama?"

Bi Mize aliacha kusuka. "Niyafungue mimi? Sikuwa na udhu, mwanangu. Niliyashika kwa kanga, hivi," akaonyesha, viganja vimefunikwa, "nikayabeba kichwani mpaka msikitini. Nikamkabidhi Shehe Soud mlangoni."

Hapo ndipo lile swali la kupepeta mchele lilipomjia Asya, akajilaumu kwa kutoliandika. Miaka yote hii jirani huyu aliona kalamu inatoka kulia kwenda kushoto, akaamini unaandikwa ufafanuzi wa Kurani. Heshima yake ndiyo iliyomzuia kusoma hata mstari mmoja.

"Bi Mize, ni wazo lako mwenyewe, au umeagizwa?"

"Duni kanambia. Kasimama pale mlango wa uwani, Khairat yumo kuoga, akasema, 'Bi Mize, sandukuni mna vitu vizito, usimsumbue mjane kumuuliza, vitoe vyote vya kiarabu upeleke mahala pake.' Nikamwambia Mungu akulipe, umemkumbuka nduguyo." Alimkazia macho Asya. "Mbona umebadilika rangi? Nimekosea nini mimi?"

"Hujakosea. Vaa baibui twende."

"Wapi?"

"Kisimani."

Shehe Soud alikuwa mtu mfupi asiyependa haraka, na alitaka kwanza aelezwe. Asya alimweleza. Shehe alitikisa kichwa, akaleta kamba na ndoano ya kutolea ndoo. Kisima kilikuwa hakina maji toka enzi za wazee, na wakati ule haukuwa wa mvua. Walitoa mafurushi mawili yasiyo yao, yakarudishwa kwa upole. La tatu lilikuwa kitambaa cheupe. Shehe alilifungua akiwa na udhu wake, akatenga misahafu upande, kisha akasoma mistari michache ya kilichobaki. Nyusi zikampanda.

"Lahaula! Hapa pana mtoto anafukuzwa na nyuki, kajitumbukiza kwenye pipa la samaki!" Akageuza ukurasa. "Ametoka, ananuka, paka wanamwandama..." Akageuza mwengine.

"Shehe," Asya alisema, "tuna haraka. Mtu anapelekwa mahakamani."

"Nipe huu ukurasa tu niumalize."

*

Mzee Duni alikuwa bado ukumbini kwa Khairat. Alipomwona Asya anaingia na furushi, Bi Mize nyuma yake, alisimama nusu, akakaa. Khairat alisogea nyuma ya pazia. Kivuli chake kilionekana.

"Umepatikana," Asya alisema.

"Alhamdulillahi!" Mzee Duni alisema upesi mno. "Kwa yule kafiri?"

"Kisimani msikitini."

"Ah." Akatazama mkeka. "Basi ni makosa ya wanawake. Mtu mzima huyu, Inspekta, macho hayaoni vizuri..."

"Macho yangu?" Bi Mize alimrukia. "Mimi natunga sindano nikiwa kizani! Si wewe uliyesimama pale mlangoni? Si wewe?"

"Nilisema misahafu, Bi Mize. Mimi nilijuaje kama mle ndani mna jengine?"

Asya alikaa mkekani mbele yake, taratibu, kama aliyekuja kuzungumza habari za harusi. "Kwa hiyo Gregory hakuiba."

"Kama umepatikana, hakuiba. Mtu hukisia."

"Hukukisia, mzee wangu. Kituoni uliapa. Ulisema umemwona kwa macho yako anatoka chumbani kaupakata mkoba."

Mzee Duni alipangusa uso. Asya alitoa simu, akapiga kituoni mbele yake, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mswada umepatikana, haukuibiwa, mtuhumiwa asipelekwe popote, afunguliwe akae nje ya mahabusu mpaka yeye atakapofika kuandika. Alisubiri jibu. Akasema ahsante. Akaweka simu chini.

"Hilo limekwisha," alisema. "Sasa letu. Wewe uliamini ni maandishi ya dini?"

"Wallahi, dini tupu. Ndugu yangu alikuwa mcha Mungu."

"Basi tusomee. Kidogo tu." Akafungua sura ya tatu, akampa. Safari hii aliinyoosha sawasawa.

"Miwani nimeisahau."

"Hicho kinachochungulia mfukoni ni nini?" aliuliza Bi Mize. "Kijiko?"

Mzee Duni aliitoa miwani, akaivaa. Aliushika ukurasa. Midomo ilianza kutembea, ikafika mahali ikasita. Asya aliyaangalia macho yake: yalirudi nyuma mstari, yakaenda, yakarudi. Halikuwa jicho la mtu anayeshangaa kuona kitu kigeni. Lilikuwa la mtu anayehakikisha kama bado kipo.

"Mzee Duni, mbona kimya? Ni dua gani hiyo?"

"Hadithi za watoto," alisema hatimaye, sauti imekauka. "Mtu mzima kakaa anaandika uzushi, watoto wanausoma, wanakua wanawanyooshea watu vidole. Wangesoma hii skuli nzima, kisha wapite mbele ya mlango wangu. Wanangu mimi wangeketi wapi?"

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

Mzee Duni akaushusha ukurasa mkekani.

"Na Gregory? Angekaa jela kwa ajili ya uzushi?"

"Yule ana kwao."

Pazia lilitikisika. Khairat hakutoka, lakini sauti yake ilikuja karibu, haina hasira.

"Shemeji. Sura ya tatu uliisikia kibarazani, ukaja hapa kumgombeza mgonjwa. Nilikuwa jikoni nakuna nazi, nilisikia kila neno. Hakukujibu. Ulipoondoka aliomba kalamu." Kivuli chake kikainua mkono kuelekea furushi. "Kurasa za mwisho hujazisoma. Zipo hapo chini. Zisome."

Mzee Duni alimtazama Asya, kama anayeomba akatazwe. Asya alimsogezea zile karatasi.

Mwandiko wa mwisho haukuwa ule wa mwanzo. Herufi zilikuwa kubwa, zimelala, zinapanda na kushuka, za mtu anayeandika akiwa chali. Mzee Duni alizisogeza karibu na miwani. Nje kuku walikuwa wakiparura.

"Ridha hakumfunga ami," Khairat alisema nyuma ya pazia. "Hata wale watoto hawakumsema kwa mtu. Yule ami anakwenda mwenyewe shambani mchana kweupe, watu wanaona, anaing'oa miche anairudisha ilikokuwa. Watoto wanamwita akale nao. Nikamwambia Ridha, hadithi zako zote mwizi hukamatwa, hii vipi? Akanambia, huyu siwezi. Huyu namwandikia njia ya kurudi."

Asya alifungua daftari lake, kwa sababu kazi ni kazi, na hilo la huruma lilikuwa la Ridha, si lake.

"Mzee wangu," alisema, "nataka maelezo yako upya. Nataka uniambie ulichomwagiza Bi Mize, na kwa nini uliapa juu ya Gregory. Na lile shamba la watoto wa Mkoani, mpaka wake halisi uko wapi. Tuanze na lolote upendalo."

Mzee Duni aliziweka karatasi juu ya mkeka, akazilinganisha kwa viganja ncha zikakaa sawa. Akavua miwani. Akajiinua kwa kushika ukuta, akatafuta makubadhi yake mlangoni kwa mguu, moja, kisha la pili, akatoka, akashika njia ya shamba mchana kweupe, na Asya nyuma yake na daftari.